Picha Ile Siyo ya Dominiki

Tegeta, Ijumaa jioni

Kaka Athumani,

Shikamoo. Karani wa baraza la ardhi amenipigia simu leo asubuhi, saa nne kasoro, akaniambia mambo mawili. Shauri la Bi Salha wa Bunju litasikilizwa Jumanne saa tatu asubuhi, na picha iliyotoka gazetini haitapokelewa mpaka aliyeipiga asimame mbele ya baraza aseme ni yake. Aliyeipiga ni mimi. Gazeti limeandika ni Dominiki wa ofisini kwetu. Na wewe, kaka yangu wa tumbo moja, umeliamini gazeti.

Mama anaendeleaje na goti? Shemeji amepona kile kikohozi? Zuhura naye, bibi harusi wetu, mwambie vitambaa vyake nimeviweka kwenye mfuko huuhuu wenye barua, nimemkabidhi kondakta wa basi la Lushoto. Mimi ni mzima ukiacha bega. Na ukiacha hasira, maana nimeandika mistari hii ya mwanzo mara tatu nikiifuta kwa kuwa ilikosa adabu.

Siandiki kwenye simu. Kwenye simu utasoma mistari miwili na kunijibu kwa alama ya kidole gumba. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, wewe ni mwalimu.

Ujumbe wako wa juzi ninao, kwa hiyo sikusingizii. Uliandika: "Nimeona picha ya mwenzako Dominiki, ile ya bikoni. Kazi ya kiume. Nimeibandika ofisini. Ungekuwa hujaitupa kamera yako kubwa nawe ungepiga kama hii. Muulize kama anaweza kuja kutupigia harusi ya Zuhura."

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa mpangilio.

Kamera kubwa sikuitupa. Iko juu ya kabati. Nimeibeba miaka kumi na miwili, na mwezi ule niliporudi kutoka kwenu baada ya Idd niliipima, pamoja na lenzi zake na mkoba, kwenye mzani wa muuza viazi hapa Tegeta. Kilo nne na robo. Unakumbuka Idd ile. Kutoka pale basi lilipotushusha mpaka nyumbani ni saa nzima ya kupanda mlima, na wewe ulitangulia ukiwaambia watu njiani, "Huyu mdogo wangu mwandishi, iangalieni kamera hiyo." Hukunipokea mkoba hata hatua moja. Ulitaka uonekane begani kwangu. Asubuhi yake mkono haukunyanyuka. Mama alinichana nywele, mimi wa miaka hamsini na moja. Wewe ulikuwa barazani ukiuliza picha zitakuwa tayari lini.

Daktari alisema msuli wa bega la kulia umechanika nusu, na kwamba nikiendelea kubeba utakatika wote. Nikaenda Kariakoo kutafuta kamera nyepesi ya safari. Kuna mzee mmoja wa familia ya Kihindi, duka walilianzisha babu zake, mwenyewe ameuza kamera tangu zile za filamu. Nikamwambia kazi yangu, akanitolea limashine kubwa kuliko langu. Nikamwambia siitaki, nataka ya kutembea nayo. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, wewe unasafiri au unaonyesha?"

"Nasafiri."

"Basi hilo turudishe kabatini."

Nilijaribu tatu, nikachukua ile inayoingia mfuko wa koti. Haifiki nusu kilo. Siisifii zaidi ya inavyostahili. Lenzi yake ni moja na haibadilishwi, ukitaka mtu awe mkubwa unamsogelea kwa miguu yako. Betri inakwisha mapema, natembea na tatu. Ndani ya ukumbi wenye giza picha zake zina chenga. Lakini mwezi wa kwanza nimekwenda nayo Gongo la Mboto, Mbagala, Kilwa na kurudi, na usiku nimelalia bega langu la kulia. Kwa mtu anayesafiri, hesabu hiyo inatosha.

Sikujua kwamba hapa mjini kamera ni sare. Nilikuwa sijui kwa sababu nilikuwa nimeivaa.

Siku ya Bunju kampuni moja inayojenga maghala iliwaita waandishi kwenye hafla ya kukabidhi madawati ya shule. Eneo lao limepakana na kiwanja cha Bi Salha, mjane wa Kiarabu ambaye yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la viungo hapa Tegeta miaka mingi. Yeye na kampuni wanagombea mpaka tangu mwaka jana. Mlinzi alisimama kwenye turubai ya waandishi. Nikamwonyesha kitambulisho.

"Kitambulisho hata shemeji yangu anacho," akasema. "Kamera iko wapi?"

"Hii hapa."

Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. "Hiyo si ya kipaimara hiyo? Mama yangu, wananchi upande ule, nyuma. Usinichanganyie watu."

Dominiki alikuwa ameshakaa mstari wa mbele na limashine lake mapajani na chupa ya maji. Alinipungia mkono. Hakusema, "Huyo ni mwenzetu."

Nikaenda nyuma, nikasimama na akina mama kwenye uzio wa Bi Salha. Mwenyewe alinipokea kwa kigoda.

"Wewe nawe wamekufukuza?" akaniuliza.

"Wamesema kamera yangu ndogo."

"Sie wametufukuza kwa udogo wa kiwanja. Kaa, mwanangu."

Spika zikaanza. Mkurugenzi akasema kampuni yake ni jirani mwema. Wakati anasema hivyo, wanaume wawili wenye makoti ya kazi walikuja nyuma ya mapapai na sururu, wakaanza kuing'oa bikoni ya Bi Salha, lile jiwe la zege linaloonyesha mpaka. Waliniona. Mmoja alinitazama usoni, akatazama mkono wangu, akaendelea kuchimba. Kwake nilikuwa mama mmoja mwenye kidude. Nikawasogelea kwa miguu, kama kamera ile inavyotaka. Nilipiga picha tisa. Katika ya sita jiwe liko mikononi mwao, shimo liko chini, na nyuma yao, mbali kidogo, migongo ya waandishi wote imepangwa mstari mmoja, wanapiga madawati. Jiwe walilichimbia upya hatua kumi na moja ndani ya kiwanja cha Bi Salha. Nilizihesabu mwenyewe. Ndani ya hatua hizo kuna choo chake na tangi lake la maji.

Jioni niliingiza picha ya sita kwenye mfumo wa gazeti pamoja na maelezo yake na jina langu. Asubuhi ilitoka ukurasa wa tatu, kubwa, imekaa vizuri. Chini yake: Picha na Dominiki.

Nilikwenda kwa mhariri wa picha, Bwana Ngowi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Rehema, usilifanye jambo kubwa. Niliona jina lako nikajua faili zimechanganyika. Picha kali namna ile, yeyote angejua imetoka kwenye mashine ya Dominiki. Wewe si umekwenda na kale kadude?"

"Dominiki alikuwa wapi?"

"Mbele, na wenzake."

"Bikoni imeng'olewa wapi?"

Akageukia kompyuta yake.

"Bwana Ngowi, kwenye picha kuna migongo ya waandishi. Wa tatu kutoka kushoto, shati la mistari, ni nani?"

Akaivuta karatasi karibu. Akahesabu kwa kidole. "Ni Dominiki," akasema.

"Amejipiga mgongo mwenyewe?"

Unadhani aliomba radhi? Alisema masahihisho yatatoka nafasi ikipatikana. Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonitoa ofisini kwake kabla sijasema neno la kufukuziwa kazi, kwamba ningekwenda na kamera ya heshima haya yote yasingetokea.

Ni kweli yasingetokea. Mlinzi angenisalimia kwa kichwa na kunipa chupa ya maji, nami ningepiga madawati. Bi Salha angebaki na neno lake tu dhidi ya la mkurugenzi.

Dominiki si mtoto, ana miaka arobaini na mbili na watoto watatu. Nilimkuta kantini anakula wali maharage, watu wanampigapiga begani kumpongeza.

"Sista, mie sikuandika jina langu pale," akasema kabla sijakaa.

"Wala hukulikataa."

"Watu walianza kunipongeza asubuhi saa moja, sijaliona hata gazeti lenyewe. Nilipoliona nikaona aibu kukataa."

"Aibu ya kukataa kitu kisicho chako?"

Nikamwacha na wali wake. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa.

Hasira yangu ingeishia hapo, kaka, ingekuwa jambo la ofisi. Lakini Bi Salha ameipeleka picha kwenye baraza na kunitaja mimi, naye mwakilishi wa kampuni amejibu kwa gazeti hilohilo. Anasema mwanamke anayejiita mpiga picha ni mwongo, maandishi yanaonyesha aliyepiga ni Dominiki, na Dominiki hajaja kudai lolote, basi picha haina mwenyewe. Jumanne nisipoaminika, Bi Salha anapoteza choo na tangi, na huenda kiwanja kizima kikafuata. Juzi alinipigia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani ile picha si ulipiga wewe? Mimi nilikuwa nimeshika kanga yako usije ukateleza shimoni." Mjane wa miaka sabini na moja anaanza kuyatilia shaka macho yake kwa ajili ya jina lililoandikwa na mtu ambaye hakuwepo.

Siku hiyohiyo ndipo ulipoingia ujumbe wako.

Sasa nisikilize. Bwana Ngowi ni mkubwa wangu kazini, Dominiki ni mwenzangu, mlinzi simjui. Wewe umenijua tangu nazaliwa. Ulilisoma gazeti ukaona picha nzuri, na mara moja ukajua haiwezi kuwa yangu, kwa kuwa ulisikia nimenunua kamera ndogo. Hukupiga simu kuuliza hata kama nilikuwepo. Na bado ukanituma nikamwombe Dominiki aje kupiga harusi ya mwanao, mtoto niliyempa jina mimi. Nimekuheshimu maisha yangu yote na nitaendelea, lakini hili lilikuwa la kijinga, na nimeliandika kwa kalamu ili lisifutike.

Habari ya mwisho ni ya leo saa kumi. Dominiki alinipigia. Sauti yake ilikuwa chini.

"Sista, nitakuja Jumanne."

"Kusema nini?"

"Kusema mie nilikuwa napiga madawati."

"Wakikuuliza yalikuwa mangapi?"

"Thelathini. Niliyapiga yote."

Nilicheka, sikutaka. Sijamsamehe. Lakini akisimama pale akasema hivyo, na mimi nikiweka mezani kamera yenyewe na picha zote tisa kwa mfuatano wake, mwakilishi wa kampuni atabaki na kazi ya kueleza ule mgongo wenye shati la mistari. Bwana Ngowi amesema masahihisho "yanaweza" kutoka Jumatatu. Nitanunua gazeti kama mtu yeyote na kuangalia. Yasipotoka, nitamwambia karani hivyohivyo.

Kuna jambo moja nakuagiza. Ukurasa ulioubandika ofisini kwako usiuondoe. Chukua kalamu nyekundu unayosahihishia watoto, kata jina la Dominiki, andika langu. Walimu wenzako wakiuliza, waambie ulikosea.

Kuhusu harusi, Dominiki haji. Napiga mimi. Nitapanda ule mlima nikiwa na kamera mfukoni na mkono mmoja mtupu wa kumshika Mama akitaka kusimama. Wageni wako wakiuliza kamera kubwa iko wapi, waambie iko juu ya kabati Tegeta, na anayeitaka aje aibebe. Ukumbi wenu una taa moja, kwa hiyo nataka Zuhura apigwe picha nje, kabla ya saa kumi na moja, na hilo si ombi.

Nisalimie Mama, umwambie nywele najichana mwenyewe siku hizi, lakini akitaka kunichana simkatazi. Shemeji msalimie, umwambie sina ugomvi naye. Mjomba anayetunza shamba la mipichi naye asalimiwe, na mwalimu mkuu wenu anayepita kila siku mbele ya ukurasa ule.

Jumanne saa tatu asubuhi niko mbele ya baraza, simu itakuwa imezimwa. Jumatano napanda basi la saa kumi na mbili. Uje kunipokea pale linaposhusha. Uje na kalamu yako, nitakuuliza kama umeitumia.

Mdogo wako,
Rehema