Maswali ya Judy Kuhusu Kuoga Kwangu

Jumanne, 4 Juni 2024

Judy wa hospitali amekuja na maswali ya sisi tuliopigwa na kiharusi. Unavaa mwenyewe? Unaoga mwenyewe? Kila kitu unapima moja mpaka tano, tano ni kuweza kabisa.

Valary alikuwa anamimina chai. Ni mke wa Kepher, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwetu Wakisii huyo ni mkwe wangu kabisa, na habari za uchi wangu kwake ni mwiko. Ukweli, Kepher ndiye hunibeba bafuni na kunisugua kabla aende kiwanda cha majani chai. Hayo niyaseme mkwe akisikia? Nikasema naoga mwenyewe, tena maji baridi. Tano kila mahali. Nikamwongezea ile hadithi ya nyati wa msitu wa Mau niliyemshika pembe mpaka akaomba msamaha.

— Nyati aliongea? Judy akauliza.

— Kiswahili safi.

Valary akachekea ndani ya leso.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya. Kepher alikuwa zamu ya usiku, asubuhi hajafika. Nikaenda bafuni peke yangu — mimi nishindwe na beseni? Nikaanguka. Mguu wa kulia ni kama wa mtu mwingine. Nikalala kwa simiti, uchi, mpaka Valary akaja. Alifunga macho akaninyanyua. Chakula cha mchana ameacha mlangoni, hakuingia.

Kepher hajaambiwa.

Ijumaa, 14 Juni

Kepher amesikia huko Bomet: wenye alama za chini ndio watatumiwa mtu wa mazoezi nyumbani. Wenye nguvu wajipeleke kliniki.

— Baba mdogo, ulimwambia nini yule msichana?

— Ukweli.

— Ukweli gani?

— Wangu.

Hakucheka. Amesema bila mazoezi mguu utabaki hivi hivi. Sawa. Judy akirudi nabadilisha.

Jumanne, 18 Juni

Amerudi. Maswali yale yale. Ati wanapima kama hayo maswali yanaaminika — mtu akiulizwa mara mbili, majibu yafanane. Mdomo ulikuwa tayari kabisa kubadilisha. Lakini akasema anataka pia mtu anayekaa na mimi, akamwita Valary. Valary akaketi karibu na mlango, macho chini.

Unaoga mwenyewe?

Naoga. Tano.

Judy amefurahi sana. Mzee, yako yamefanana yote, hapa Kimulot hakuna wa kuaminika kama wewe.

Sasa amempeleka jikoni amuulize peke yake. Ukuta ni wa mbao, nasikia yote. Naandika na mkono wa kushoto, maneno yanapanda na kushuka.

Kuvaa? Anajivalisha, Valary amesema. Kula? Anakula vizuri.

Wamefika kwa kuoga. Judy amerudia swali. Nasikia Valary akitoa sufuria motoni.

Akisema ndiyo, huu mguu umeisha. Akisema hapana, Judy atamuuliza amejuaje.