Kanda za Fundi Waya Zisizo na Majibu

Kitendawili! Mgeni wangu haji na viatu, lakini akiondoka, anaondoka na vyangu.

Fikiri na wewe unayesoma, maana sisi kilitushinda.

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu uzime redio ya mteja wa mwisho, ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena.

Kisiwa kizima kilikuita Fundi Waya. Mchana ulitengeneza redio za watu, jioni ukabeba kinasa sauti chako nyumba kwa nyumba, ukirekodi vitendawili vya wazee kabla hawajatutoka. Kanda sitini na mbili! Lakini kila mzee akifika kwenye jibu, wewe kidole kwenye kitufe, unazima. "Jibu halitoki kwenye mashine," ulisema. "Mtu aje aulize kwa mdomo wake."

Nikakwambia, "Na wenye midomo wakiisha?" Ukacheka, ukaomba chai.

Wameisha, baba watoto. Nimebaki mimi, na kichwa changu kinavuja kama paa la jiko.

Hicho cha viatu ulikirekodi kwa sauti yako mwenyewe, wiki ya mwisho. Tukajibu mwizi. Dada yako akadakia, akininyooshea kidole, "Huyo si mwingine ila wifi yangu!" Tulicheka hadi machozi. Ukasema, "Mmeshindwa, nipeni mji." Mjukuu wetu Kidoti akakupa kisiwa hiki chetu. Ghafla ukaacha kucheka. "Huo siuchukui," ukasema, na jibu ukaondoka nalo.

Mwezi uliopita maji yaliingia jikoni mchana kweupe, bila mvua, bila upepo. Nikapandisha kanda zako juu ya kabati. Wanao wanasema tuhame. Naogopa kuhama, naogopa kubaki. Kinachonitisha zaidi ni hizo kanda: wazee walituonya nini kingine, na sisi tukacheka? Kila asubuhi nabonyeza kitufe, nasema majibu ninayoyakumbuka. Nimefika kumi na tisa tu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, wanao watatu na wenzao, dada yako mcheshi, na wajukuu wote. Hutatoka mioyoni mwetu, popote tutakapohamia.

Na Kidoti amenituma nikuambie. Siku ile ya maji alipanda juu ya meza, akaziangalia ndala zake zikitoka mlangoni zenyewe, akasema polepole, kama anayeogopa kusikiwa:

"Bibi, nimekijua. Ni bahari."