Povu Chini ya Gari

Mwanangu,

Gari lako liko juu ya jeki na tairi la nyuma kushoto nimelitoa. Usilishushe, na beseni la maji ya sabuni usilimwage, bado nalihitaji. Chakula kiko jikoni, kimefunikwa.

Najua ulinikataza. Asubuhi ulilikuta limelala tena kama ng'ombe mgonjwa, ukasema heri liende chuma chakavu kuliko kumpa fundi mshahara wako wa miezi miwili abadilishe mifuko yote minne ya hewa inayolibeba juu ya magurudumu. Ukabamiza mlango, ukaenda kwa miguu, hata chai hukunywa. Ulipoondoka niliwasha injini, nikapaka povu mfuko mmoja mmoja, nikasubiri kuona wapi hewa itatoa mapovu. Yote mizima! Kinachovuja ni kibomba kimoja cha hewa, chembamba kama mrija wa soda, na bei yake haifiki kilo mbili za sukari.

Yule mnunuzi wa chuma chakavu uliyetaka kumwita mwambie asubiri. Hapana, nimefuta hilo. Mwambie asije.

Muda wa zamu yangu ya usiku kazini umefika na nati moja imegoma kufunguka. Kesho asubuhi njoo unishikie tochi. Chai unywe kwanza.

Mama yako, uliyemwambia asiguse