Masharti kwa Wazazi wa Timu Yangu

Jumatatu, 4 Februari 2013. Lodwar

Msonyo mmoja mrefu. Tangu Jumamosi haunitoki masikioni. Baba mmoja alisonya binti yake alipoangusha mpira mazoezini, na uwanja mzima ukasikia. Mtoto alivua glavu, akaiweka chini, akaenda kukaa kwenye kivuli cha darasa. Hakurudi.

Kwa hiyo leo, baada ya kusahihisha madaftari, nimeandika masharti kwa wazazi wa timu ya softboli. Usimfundishe mtoto ukiwa nje ya uwanja. Usibishane na refa. Usimuulize alikosea wapi kabla hajala. Usimlinganishe na dada yake. Kaa nyuma ya kamba, unyamaze.

Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote.

Jumatano, 6 Februari

Wazazi kumi na mmoja walikuja. Niliwasomea masharti ya mechi ya Jumamosi huko Kakuma.

Mama Akai, msusi wa vikapu, aliinua mkono. Binti yake ndiye mrushaji wangu: darasa la saba, mkono mrefu, maneno machache. "Sasa mwalimu, mimi nikuje mpaka Kakuma nikae kama jiwe?"

"Kama jiwe, mama."

Wote walicheka, yeye zaidi. "Ejok, ni sawa. Jiwe haina taabu."

Nilimwona anavyomtazama Akai. Mama yangu hakuwahi kuja kunitazama nikicheza, hata mara moja, miaka yote minne ya bweni. Nilifaulu hivyo hivyo. Sijui kwa nini naandika haya.

Ijumaa, 8 Februari

Akai alirusha vizuri kuliko siku zote. Wapigaji wetu wenyewe hawakuugusa mpira wake. Kesho tunashinda. Sijivuni. Najivuna kidogo.

Jumamosi, 9 Februari. Kakuma

Tumeshindwa vibaya.

Mpira ulimponyoka Akai tangu mrusho wa kwanza. Wa pili ukapita juu ya kichwa cha mshikaji. Refa akawa anawapa wapigaji wao besi za bure, waende bila kupiga mpira, mmoja baada ya mwingine. Vijana wa Kakuma waliokaa juu ya ukuta walifurahi. "Huyu msee anarusha samaki!" "Mrudisheni ziwani!" Mama mmoja wa Sudan Kusini, anayeuza chai pale, aliwakemea. Walizidi.

Nilimtoa Akai. Nilimtoa kwa sauti, mbele ya timu zote mbili. "Umekuja kucheza au kulala?" Alifuta viganja kwenye sketi, akafuta tena. Niliona ni woga, na woga wa watu wengine hunikasirisha.

Mama yake alikuwa nyuma ya kamba. Kimya.

Jumapili, 10 Februari. Lodwar

Nimekaa kusafisha vifaa. Mpira aliokuwa akirusha Akai umegandwa na mchanga pande zote, kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Nikaunusa. Mafuta ya kondoo.

Nilielewa hapo hapo. Nyanya alinipaka hayo hayo kwenye paji la uso nilipokwenda kidato cha kwanza. Baraka. Nakumbuka Mama Akai alivyomwita mtoto nyuma ya pikapu iliyotupeleka Kakuma kabla ya mechi. Nilidhani anamfunga nywele.

Kwanza nilikasirika. Mechi nzima, kwa kopo la mafuta! Halafu nikakumbuka kwamba kusema nilikuwa nimemkataza. Mikono ndiyo iliyombakia.

Jumatatu, 11 Februari

Akai hakuja mazoezini. Nilikwenda kwao.

Mama yake hakuacha kusuka. "Mwalimu, mimi nilinyamaza. Kelele ulipiga wewe." Akasema mtoto hachezi tena.

Nikamweleza habari ya mafuta. Ukili ulimtoka mkononi.

"Ni mimi?"

Akamwita Akai kutoka ndani, akamuuliza kama alijua. Akai alijua. Alijua tangu mpira wa kwanza. Hakutaka watu wamcheke mama yake, basi akaacha wamcheke yeye.

Mwishowe Mama Akai akaniuliza, kwa hasira kabisa: "Sasa ningepaka wapi? Si mkono ndio inarusha?"

Nilisema kwenye paji la uso. Au kifuani. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo. Kuhusu Akai kucheza, hakusema neno lingine.

Jumanne, 12 Februari

Nimelala vibaya. Nina mrushaji mwingine, naweza kuendelea bila Akai. Nimeyaandika haya ili nione yanavyopendeza. Hayapendezi.

Ijumaa, 15 Februari

Upepo umetulia leo. Akai alikuja mazoezini. Alinisalimu kwa heshima tu, bila tabasamu, akarusha mpaka jua likapoa. Mipira ilinyooka.

Jana niliwaita wazazi uwanjani. Walikuja saba, Mama Akai akiwa wa mwisho. Nilimsimamisha Akai kando yangu, mbele yao na mbele ya timu nzima, nikamwomba msamaha. Nilisema nilimtoa kwa kelele bila kumuuliza kitu. Habari ya mafuta sikuigusa. Wala sikujitetea.

Mwalimu mkuu anasema nimejishusha kwa wazazi. Huenda. Nimekwisha kufanya.