Sauti Niliyoifuta Kakuma

Lodwar, Jumanne. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai.

Nina wivu. Naliandika hilo kwanza nisije nikajidanganya baadaye.

Wiki iliyopita nilikwenda Kakuma kuripoti habari ya maji kwa redio yetu. Afisa wa mradi alisimama chini ya tangi la chuma akaniambia limejaa. Juu yetu upepo ulipita kwenye mdomo wa tangi usio na kifuniko, ukatoa mngurumo mzito. Nilifanya nilivyozoea: sponji juu ya maikrofoni, mgongo kwa upepo. Mngurumo uliobaki niliuondoa kwenye kompyuta. Maneno ya afisa yakatoka safi, nikajisifu.

Jana Achol, mwandishi wetu aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya huko, alifika kwenye tangi lile lile. Hana sponji, ana simu tu. Mngurumo ukafunika mahojiano yake, naye akamuuliza mama muuza chai wa pale ni kitu gani hicho.

"Hiyo ni tangi inaongea," mama akamwambia. "Ikijaa inapiga mluzi mwembamba. Ikikauka inanguruma kama ngamia dume. Hii imenguruma wiki mbili. Wewe umekulia hapa na hujui?"

Achol akapanda ngazi, akachungulia. Tupu.

Habari yake ndiyo iliyofungua taarifa ya leo asubuhi, na mngurumo ndani yake. Kufikia saa sita lori la maji lilikuwa limefika. Mhariri alinishauri nisikilize jinsi Achol anavyotumia sauti za mahali.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika maikrofoni.

Mchana alinipigia, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mzee. Ile yako ilikuwa safi sana. Nilidhani Kakuma siku hiyo hakukuwa na upepo."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Nimerudi kwenye rekodi ya kwanza, kabla sijaikata. Dakika ya pili afisa anasema limejaa, na tangi juu ya kichwa chake linanguruma. Habari nilikuwa nayo. Niliisikia kwa masikio yangu mawili nikaiita kelele.

Sasa afisa anadai tangi lilikauka jana tu. Anayeweza kuonyesha kwamba si kweli ni mimi, na habari si yangu tena. Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nimemtumia Achol rekodi nzima, pamoja na tarehe. Salamu sikuandika.

Wivu bado ninao. Rekodi imeshakwenda.