Manjanja ya Papa Haikutosha

Burungu, tarehe 9 Novemba 1955

Mukubwa wangu mupendwa Édouard,

Nakusalimu sana, weye na shemeji Généreuse na watoto. Muko wazima? Kule Jadotville baridi ya hapa haiko, mushukuru Mungu. Sisi tuko, lakini si muzuri.

Manjanja ishirini, zile bati za paa ulituma, ilifika yote, hata moja haikupinda. Papa wetu aliigongagonga na fimbo, akacheka kama mutoto. Kisha akauliza: "Sasa agasongero mutaisimika wapi?" Unajua ule muti wa ncha juu ya nyumba ya nyasi, wenye kutolewa siku mwenye nyumba anakufa. Papa hataki kufia mu nyumba isiyokuwa nayo.

Fundi Isidore alinionya. Alisema manjanja ishirini inatosha paa ya pande mbili tu, kama ya shule. Mimi, kichwa ngumu yangu unaijua, nikasema hapana, pande ine, zikutane juu, ncha ipatikane. Eeh, kaka! Pande ine inataka kukata manjanja mushazari. Vipande vilivyobakia havifai hata kufunika kuku. Tulifunika pande tatu, ikaisha.

Nyasi ya zamani tulikuwa tumeshaichoma. Ingine iko kule mulimani, lakini muzungu wa ngombe alizungusha senyenge, na mulinzi wake anafukuza wanawake. Muke wangu Emérita alirudi mara mbili mikono mitupu.

Upande uliobakia wazi njo wa kitanda cha Papa. Tulimuhamisha ku jiko, moshi ukamukohoza. Tulimurudisha, mvua ikamukuta. Mikeka tuliyotandika juu ilishaoza. Sasa anakohoa damu. Muganga wa dispansere alimuangalia, akafunga sanduku yake, akaenda.

Siombi manjanja ingine, najua kazi yako iliisha. Naandika juu usiseme kesho kama nilikuficha. Ni mimi nilimuharibia Papa nyumba, na sioni namna.

Jana nilimuambia ntasimika agasongero hata pale pande tatu zinakutana. Alinishika mukono.

"Acha, Straton. Siku yangu ikifika hamutakuwa na kitu ya kutoa. Paa mulishanifungulia."

Unisalimie shangazi Mukasine na Floribert wake. Papa anakubariki, alinituma niseme hilo kwanza, nikasahau. Mungu awafunike huko, maana mimi mutu mumoja tu amenishinda kufunika.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Straton