Sifuri ya Saidi

Jumatatu, 7 Oktoba
Darasa limefagiliwa. Fomu za ushiriki nimejaza mpaka jina la kumi na mbili. Saidi tena. Wiki ya tatu hajafungua mdomo. Anakaa mlangoni, uso kaugeuzia ukuta. Mtathmini anakuja Ijumaa. Asiyefikisha nusu ya alama za ushiriki anaondolewa kwenye kozi ya ushonaji.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemwita mbele aonyeshe kukata kola. Kaweka mkasi mezani, katoka nje. Darasa zima linanitazama mimi. Nimechukia mno. Sifuri, kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemwita ofisini. "Samahani, mwalimu." Basi. Macho chini. Nimemuuliza kama anataka kufukuzwa. Kaniwekea kola mezani. Na kola aliyoimalizia nyumbani Kitangari haina kasoro hata moja. Hilo ndilo linaloniudhi. Fomu nimempa mkuu wa chuo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mama Zuhura wa Makote, mwanafunzi wangu mwenye umri mkubwa kuliko wote, kanifuata kabla ya kipindi. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema bila kuzunguka:

"Mwalimu, yule ni mkwe wangu. Kamuoa Zuhura. Mimi nikiwemo hawezi kusema. Nifute mimi, abaki yeye."

Nimeona aibu. Mimi, mtoto wa Lupaso, niliyekuzwa na mila hiyohiyo ya mkwe kumwepuka mama mkwe! Mume wangu mpaka leo akimwona mama yangu njiani anachepuka. Halafu nimejaza fomu kama mgeni. Saidi naye angejieleza vipi? Angekuwa kamshitaki mama mkwe.

Nimekwenda kwa mkuu. Kasema fomu haina nafasi ya ukwe.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimemwomba mtathmini amsikilize Saidi peke yake, stoo. Kakunja uso. Kakubali. Nikasimama nje ya mlango, nikisikiliza.

Saidi kaongea nusu saa nzima. Kanikosoa hata mimi, namna ninavyopima shingo. Kasema kweli.

Amepita. Mama Zuhura hakuja chuoni leo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekwenda Makote. Nimemkuta Mama Zuhura anaanua korosho. Nimemwambia jina lake sijalifuta na silifuti. Nitamfundisha alasiri, wengine wakishatoka. Kakubali kwa kichwa. Kisha kauliza kama Saidi kaongea. Nikamwambia, sana.

"Sauti yake ikoje?"

Miaka miwili ni mkwe wake. Nikamwambia ni nzito, na haongei kwa haraka. Akatabasamu, akainamia korosho zake. Nikachuchumaa, nikamsaidia.